Nicolae Paulescu: Daktari wa Romania aliyeikaribia insulini kabla ya Toronto

Mwishoni mwa Agosti 2003, madaktari wa kisukari kutoka pande zote za dunia walikuwa wamekusanyika Paris kwa mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari. Ilipangwa kwamba tarehe 27 ya mwezi huo, katika hospitali kongwe ya Hôtel-Dieu iliyo jirani na kanisa kuu la Notre-Dame, ingezinduliwa sanamu ya kichwa na mabega ya Nicolae Paulescu, mwanafiziolojia wa Romania aliyekuwa amefariki dunia miaka 72 kabla ya hapo. Sherehe hiyo haikufanyika. Kituo cha Simon Wiesenthal, ambacho kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, kilikuwa kimewaandikia wenye mamlaka wa Ufaransa kuwakumbusha kwamba mtu aliyechongewa sanamu kwa kazi yake ya maabara alikuwa pia mwandishi wa vitabu vya kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi.

Waliopinga sanamu hawakuyagusa majaribio ya Paulescu. Waliotaka sanamu hawakuvigusa vitabu vyake. Kila upande ulishika nusu ya mtu mmoja, na nusu zote mbili ni za kweli.

Mtoto wa Bucharest

Nicolae Constantin Paulescu alizaliwa Bucharest mwaka 1869, wa kwanza kati ya watoto wanne wa Costache na Maria Paulescu. Romania ya wakati huo ilikuwa bado nchi ndogo iliyohesabiwa kuwa chini ya himaya ya sultani wa Istanbul. Uhuru ulipatikana baada ya vita vya 1877 na 1878, na ufalme ukatangazwa mwaka 1881. Tabaka la wasomi lilitazama Ufaransa kama kioo chake. Kijana Paulescu alijifunza Kifaransa, Kilatini na Kigiriki cha kale, na inasimuliwa kwamba alikuwa na kipaji cha kuchora na cha muziki. Mwaka 1888 alimaliza masomo ya sekondari katika shule ya Mihai Viteazul, na majira ya vuli ya mwaka huo huo akaelekea Paris kusomea udaktari.

Paris alikaa miaka kumi na miwili, na huko ndiko alikopata mwalimu aliyeyapa maisha yake mwelekeo. Étienne Lancereaux alikuwa miongoni mwa matabibu mashuhuri wa Ufaransa, na alikuwa amegundua jambo ambalo leo linaonekana la kawaida kwa sababu tu yeye na wenzake walilisema kwanza: kwamba wagonjwa wa kisukari si wa aina moja. Wako wanene, ambao ugonjwa huwachukua polepole. Wako wembamba, mara nyingi vijana, ambao hukonda na kufa upesi. Lancereaux alipopasua maiti za hao wembamba aliona mara kwa mara kwamba kongosho, ile tezi iliyolala nyuma ya tumbo, ilikuwa imeharibika. Hivyo mwanafunzi kutoka Bucharest aliusikia uhusiano wa kongosho na kisukari kutoka kinywani mwa mtu aliyeuona kwa macho yake.

Mwaka 1897 Paulescu alitunukiwa shahada ya udaktari wa tiba, akafanya kazi katika hospitali ya Notre-Dame du Perpétuel-Secours. Aliendelea pia kusoma fiziolojia, elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi, chini ya Albert Dastre, mrithi wa mapokeo ya Claude Bernard. Baadaye yeye na mzee Lancereaux waliandika pamoja kitabu kikubwa cha tiba, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1903. Ya mwisho ilichapishwa mwaka 1930, miaka 20 baada ya mwalimu kufariki dunia. Uaminifu huo kwa mwalimu ni sehemu ya tabia yake. Paulescu alikuwa mtu wa kushika, katika mema na katika mabaya.

Mwaka 1900 alirejea nyumbani. Alikabidhiwa idara ya fiziolojia katika Kitivo cha Tiba cha Bucharest, na akawa pia daktari mfundishaji katika hospitali ya Mtakatifu Vincent de Paul. Nafasi yake ya kufundisha fiziolojia alikaa nayo hadi siku ya kufa kwake.

Tezi iliyofichika chini ya ubongo

Kazi iliyomfanya ajulikane kwanza nje ya Romania haikuhusu kisukari. Chini ya ubongo wa mwanadamu na wa wanyama wengi ining'iniayo tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Mwanzoni mwa karne ya 20 hakuna aliyejua kwa uhakika inafanya nini. Njia iliyozoeleka katika fiziolojia ilikuwa kuondoa kiungo na kutazama mnyama atapungukiwa na nini, lakini pituitari imejificha mahali ambapo kisu kikipita vibaya kidogo mnyama hufa kwa jeraha la upasuaji, na hapo jibu hupotea.

Paulescu alitafuta njia ya pembeni. Alifungua fuvu upande wa panja, akauinua ubongo taratibu, akaifikia tezi kutoka chini yake bila kupita kinywani. Mwaka 1908 alichapisha Paris kitabu kidogo kuhusu tezi hiyo, kikieleza upasuaji wake kwa mbwa na paka. Harvey Cushing, Mmarekani ambaye jina lake lingekuja kuwa kubwa kuliko yote katika upasuaji wa ubongo, aliichukua njia hiyo katika maabara yake ya Baltimore na kumtaja Mromania huyo katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu tezi ya pituitari.

Paulescu alihitimisha kwamba mnyama hawezi kuishi bila tezi hiyo. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba anaweza kuishi, ingawa hudumaa na kudhoofika. Njia ya upasuaji ilidumu, hitimisho likarekebishwa. Ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya kazi za maabara, na wala si aibu.

Maji ya kongosho

Tangu 1889 ilijulikana kwamba mbwa akiondolewa kongosho hupata kisukari. Jambo hilo lilionyeshwa Strasbourg na Joseph von Mering na Oskar Minkowski. Kuanzia hapo swali lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: kama kongosho linatoa kitu kinachozuia kisukari, je, kitu hicho kinaweza kukamuliwa na kurudishwa mwilini?

Wengi walijaribu. Georg Zuelzer wa Berlin alipata dondoo la kongosho lililopunguza sukari kwa mbwa na hata kwa wagonjwa wachache, lakini madhara yaliyoambatana nalo yalikuwa makali mno, naye akakwama. Ugumu ulikuwa katika kongosho lenyewe. Tezi hiyo hutengeneza pia vimeng'enya vya kusaga chakula, vyenye nguvu ya kukiharibu kile kile mtafiti anachokitafuta. Aidha dondoo lisilosafishwa vizuri humletea mgonjwa homa na mshtuko.

Wakati huo wagonjwa walikuwa wakifa. Mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina kali hakuwa na zaidi ya miezi michache au mwaka au miwili. Dawa pekee iliyoonekana kurefusha siku zake ilikuwa njaa: kumpunguzia chakula hadi abaki mifupa na ngozi, ili sukari isipande. Wazazi waliambiwa wachague kati ya kumwona mtoto akifa kwa ugonjwa na kumwona akinyauka kwa tiba.

Paulescu alitengeneza dondoo lake kwa namna isiyo na makuu. Alisaga kongosho la mnyama, akaliloweka katika maji safi ya baridi, akachuja, kisha akaongeza chumvi kidogo ili mchanganyiko huo ukaribiane na damu. Mwaka 1916 alikuwa tayari ameona kwamba maji hayo, yakidungwa katika mshipa wa mbwa mwenye kisukari, huishusha sukari ya damu. Agosti ya mwaka huo Romania iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Desemba majeshi ya Ujerumani na washirika wake yakaikalia Bucharest. Majaribio yalisimama.

Miaka iliyopotea haikurudi. Vita vilipokwisha, Paulescu alianza kwa kuchapisha kitabu chake cha fiziolojia ya tiba, chenye juzuu tatu, kati ya 1919 na 1921, na ndani yake akaeleza matokeo ya kwanza ya dondoo hilo. Kisha kati ya Aprili na Juni 1921 aliwasilisha taarifa fupi mbele ya tawi la Romania la Jumuiya ya Biolojia ya Paris. Tarehe 22 Juni jarida la kimataifa la fiziolojia lililochapishwa Liège, Ubelgiji, lilipokea makala yake ndefu kuhusu kazi ya kongosho katika mwili kutumia chakula. Makala ilitoka tarehe 31 Agosti 1921.

Ni makala ya mtu makini. Inaonyesha kwamba dondoo hilo hushusha sukari katika damu na katika mkojo, na kwamba hupunguza pia zile sumu ambazo mwili wa mgonjwa huzitoa unapoyeyusha mafuta yake wenyewe. Inaeleza kwamba nguvu yake huanza kuonekana mara baada ya sindano, hufikia kilele baada ya kama saa mbili na hudumu kwa saa kadhaa. Inaonyesha kwamba hata mbwa mzima asiye na kisukari hushuka sukari akidungwa. Paulescu alijiuliza pia swali ambalo watafiti wengi wa enzi yake waliliruka: huenda ni maji ya chumvi tu, au ni homa, au ni dondoo la kiungo chochote kile? Akajaribu maji ya chumvi peke yake, akajaribu dondoo la wengu, akawapandisha wanyama homa kwa makusudi. Sukari haikushuka kama ilivyoshushwa na kongosho. Kile kitu alikipa jina la pancreine. Tarehe 10 Aprili 1922 wizara ya viwanda na biashara ya Romania ilimpa hati ya hataza kwa ajili ya dawa hiyo na njia ya kuitengeneza.

Majira ya joto ya Toronto

Frederick Banting, daktari mpasuaji mwenye umri wa miaka 29 asiye na jina katika utafiti, na Charles Best, mwanafunzi, walianza majaribio yao katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mwezi Mei 1921, ndani ya maabara ya Profesa John Macleod. Sindano yao ya kwanza ya dondoo kwa mbwa ilitolewa siku za mwisho za Julai, zaidi ya mwezi mmoja baada ya makala ya Paulescu kupokelewa Liège. Makala yao ya kwanza ilitoka Februari 1922.

Kwa tarehe tu, hesabu ni nyepesi. Lakini haki inataka yasemwe pia yaliyofuata Toronto, kwa kuwa hayakutokea Bucharest. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa kwa kisukari, alidungwa dondoo la Banting na Best. Matokeo yalikuwa hafifu, na mahali pa sindano pakavimba. Mkemia James Collip akafanya kazi ya kulisafisha dondoo kwa alkoholi, na tarehe 23 Januari mvulana akadungwa tena. Safari hii sukari ilishuka, na Leonard akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya mwaka kwisha kampuni ya dawa ya Marekani ilikuwa ikitengeneza insulini kwa wingi.

Dondoo la Paulescu halikufikia hatua hiyo. Lilikuwa bado chafu mno kwa matumizi ya kila siku kwa binadamu, na hapakuwa na Collip kando yake, wala kiwanda, wala chuo kikuu chenye hazina ya kutosha. Katika nchi iliyotoka vitani, profesa mmoja na mbwa wake walikuwa wamefika mlangoni. Waliofungua mlango walikuwa wengine.

Sentensi iliyogeuzwa

Lililowauma Waromania zaidi, na ambalo hadi leo halijasahaulika Bucharest, ni namna Toronto ilivyomtaja Paulescu. Banting na Best walimtaja kweli katika makala yao ya Februari 1922. Walichoandika, hata hivyo, ni kwamba kwa mujibu wa Paulescu sindano katika mishipa ya pembeni haifanyi kazi, na kwamba sindano ya pili haina nguvu kama ya kwanza. Makala ya Kifaransa ilikuwa imesema kinyume chake.

Kosa la tafsiri katika gazeti husahihishwa kesho yake. Katika sayansi, sentensi moja iliyogeuzwa huweza kunakiliwa na kila asomaye nakala bila kurudi kwenye asili, na wengi wa waliosoma Kiingereza hawakurudi kwenye Kifaransa. Mtu aliyekuwa ameonyesha kwamba dondoo linafanya kazi akaingia katika kumbukumbu kama mtu ambaye dondoo lake lilishindwa.

Oktoba 1923 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Banting na Macleod. Banting, kwa hasira kwamba msaidizi wake ameachwa, aligawana fedha zake na Best. Macleod naye akagawana zake na Collip. Paulescu alipeleka malalamiko Stockholm. Hayakubadilisha kitu, kwa kuwa kamati ya Nobel huwapima tu wale waliopendekezwa, na jina lake halikuwamo katika mapendekezo ya mwaka huo. Ukweli wa kuchukiza kidogo ni kwamba tuzo hiyo haigawiwi kwa kuchungulia kila maabara ya dunia. Hugawiwa kutokana na barua zinazofika mezani.

Kalamu nyingine

Hapa ndipo wasifu mwingi wa Paulescu ulioandikwa na wapenzi wake husimama, au huruka hadi siku ya mazishi. Lakini maktaba za Bucharest zina rafu ya pili.

Tangu alipoanza kufundisha, Paulescu alikuwa ameipinga nadharia ya Darwin na kutetea kwamba fiziolojia yenyewe humwonyesha mwanafunzi mkono wa Muumba. Mabishano yake na Nicolae Leon, mwanabiolojia wa Iași, yalijaza kurasa nyingi. Hilo peke yake lingekuwa suala la imani na la hoja, na wanasayansi wengi waumini wameishi nalo kwa heshima. Paulescu hakuishia hapo. Alitunga alichokiita fiziolojia ya kifalsafa, akidai kwamba migogoro ya wanadamu ni maradhi ya silika, hususan tamaa ya mali na tamaa ya kutawala, na kwamba tiba yake ni Ukristo. Mwaka 1913 alichapisha kitabu ambacho jina lake linaziweka pamoja hospitali, Kurani, Talmudi, kahali ya Kiyahudi na jumuiya ya Freemasons. Dini nyingine zilipimwa kwa mizani ya Ukristo na kukutwa zimepungukiwa. Wayahudi ndio waliobebeshwa zigo zito zaidi: walielezwa kuwa wenye njama ya kuiangamiza Romania na jamii zote zinazowakaribisha.

Maneno hayo hayakuangukia mahali patupu. Kwa katiba ya 1866 asiye Mkristo hakuweza kuwa raia wa Romania, na ingawa mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1879, Wayahudi walio wengi waliozaliwa nchini walibaki wageni katika nchi yao hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katiba ya 1923 ndiyo iliyothibitisha uraia wao. Upinzani dhidi ya hatua hiyo ulikuwa na viongozi, na Paulescu alikuwa mmoja wao. Pamoja na A. C. Cuza, profesa wa Iași, alianzisha mwaka 1922 harakati za kisiasa zilizochukua msalaba wa swastika kuwa alama yake, na mwaka uliofuata harakati hizo zikazaa Ligi ya Ulinzi wa Kitaifa wa Kikristo.

Vyuo vikuu ndivyo vilivyowaka kwanza, na moto ulianzia katika vitivo vya tiba. Desemba 1922 wanafunzi waligoma wakitaka idadi ya Wayahudi vyuoni iwekewe mpaka, na wakitaka wanafunzi wa Kiyahudi wasipasue maiti za Wakristo. Katika vyumba vile vile ambamo kongosho la Myahudi na la Mkristo halikuwa na tofauti yoyote mbele ya kisu, watu walidai maiti zitengwe. Profesa wa fiziolojia wa Bucharest, ambaye angeweza kuwaambia hivyo kwa mamlaka kuliko mtu yeyote nchini, alikuwa upande wa wale wagomaji. Mwaka 1928 alikuwa bado akichapisha maandiko ya kuwaonyesha Wayahudi kuwa watu walioharibika kwa kuzaliwa, na humo akaitumia lugha ya tiba.

Hilo ndilo linaloufanya upande huu wa maisha yake usiweze kuwekwa kando kama udhaifu wa faragha wa mtu mkubwa. Hakuchukia kimya kimya nyumbani. Alichukia akiwa profesa, akiikopesha chuki cheo chake. Oskar Minkowski, ambaye kugundua kwake kisukari cha mbwa kulikuwa msingi wa kila alichokifanya Paulescu, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Zuelzer wa Berlin alikuwa Myahudi. Mwanafiziolojia huyo alisoma kazi za watu kama hao mchana, na jioni akaandika kwamba jamaa zao ni ugonjwa.

Corneliu Zelea Codreanu, kijana aliyeanza katika ligi ya Cuza na kisha akaunda kundi lililojulikana baadaye kama Walinzi wa Chuma, alimhesabu Paulescu miongoni mwa waalimu wake. Paulescu alifariki dunia Bucharest tarehe 17 Julai 1931 na kuzikwa katika makaburi ya Bellu. Hakuyaona yaliyotokea muongo mmoja baadaye. Januari 1941 Walinzi wa Chuma waliua Wayahudi zaidi ya mia moja mjini mwake. Juni ya mwaka huo huo, Iași, mji wa Cuza, maelfu waliuawa kwa siku chache, mitaani na ndani ya mabehewa yaliyofungwa. Tume ya kimataifa iliyoongozwa na Elie Wiesel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya amani na mzaliwa wa Sighet kaskazini mwa Romania, ilikadiria katika ripoti yake ya 2004 kwamba Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 waliuawa au kufa nchini Romania na katika maeneo yaliyokuwa chini ya utawala wake. Ripoti hiyo inamtaja Paulescu miongoni mwa wale ambao maandiko yao yaliandaa njia.

Barua za 1969

Jina la mtafiti lilifufuka kabla ya jina la mchochezi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ulimwengu ulipojiandaa kwa miaka 50 ya insulini, daktari wa Uskochi Ian Murray alizisoma upya makala za 1921 na kuandika kwamba Paulescu alikuwa ametendewa isivyo haki. Ion Pavel, mmoja wa waasisi wa tiba ya kisukari nchini Romania, alimwandikia Charles Best aliyekuwa bado hai. Mwaka 1969 Best alimjibu akisikitika kwa kosa lililokuwamo katika makala yao. Alieleza kwamba baada ya karibu miaka 50 hakukumbuka vema lilitokeaje, kama walitegemea Kifaransa chao dhaifu au walitafsiriwa na mtu mwingine. Arne Tiselius, Mswidi aliyekuwa na sauti kubwa katika mambo ya Nobel, alimwandikia Murray kwamba kwa maoni yake binafsi Paulescu alistahili tuzo sawasawa na walioipata.

Kwa serikali ya kikomunisti ya Romania hilo lilikuwa jambo la fahari ya taifa. Utangulizi wa Paulescu ulisemwa na kuandikwa. Rafu ya pili ya maktaba haikufunguliwa. Hivyo madaktari wengi wa nje waliokubali madai ya Bucharest kwa nia njema hawakujua kwamba kulikuwa na kitu kingine cha kusoma, hadi Agosti ile ya 2003. Mwaka 2005 uongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari uliamua kutolihusisha tena jina la Paulescu na shughuli zake.

Wapo wanaosema kwamba chuki yake ndiyo iliyomnyima Nobel. Hilo halina msingi: mwaka 1923 Ulaya haikuwanyima watu tuzo kwa sababu hiyo. Wapo pia wanaosema kwamba madai ya insulini yalibuniwa na wazalendo ili kumsafisha. Hilo nalo linaanguka mtu anapoifungua makala ya Liège, ambayo tarehe yake ya kupokelewa imepigwa chapa juu yake.

Nchini kwake, Akademia ya Romania ilimpa uanachama mwaka 1990, miaka 59 baada ya kufa, na stempu ya posta yenye picha yake ikatolewa mwaka 1994. Taasisi ya taifa ya kisukari, lishe na maradhi ya umetaboli iliyoko Bucharest ilipewa jina lake. Mwaka 2009, katikati ya mji huo huo, serikali ya Romania ilizindua ukumbusho wa Wayahudi na Waroma waliouawa chini ya utawala wa nchi hiyo.